Mkikodi boti ya bi harusi, anzeni na idadi ya vichwa



Msimu wa harusi umewadia na simu zetu zimejaa. Kila kamati ya harusi hapa Upanga siku hizi ina jambo jipya kwenye ratiba. Zamani bi harusi alikuwa na singo yake, hina yake na kesha lake, basi. Sasa kuna na siku ya bahari: wanawake wanakodi boti nzima, wanakwenda Mbudya au Bongoyo, wanakula, wanacheza, wanapiga picha, jioni wanarudi na mchanga viatuni.

Mimi sina neno na hilo. Najua wako wanaoguna kwamba huu ni uzungu, mwanamke wa Kiislamu na boti wapi na wapi. Hao nawakumbusha kisa cha Ummu Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume s.a.w. alilala nyumbani kwake, akaamka akitabasamu, akamhadithia kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakisafiri baharini. Bibi huyu hakusema "mashaallah" akanyamaza. Aliomba aombewe dua awe miongoni mwao. Na akawa, alivuka bahari na mumewe Ubada bin Samit mpaka Kupro, na huko ndiko alikofia. Kaburi lake liko karibu na mji wa Larnaca mpaka leo. Kwa hiyo hamu ya mwanamke kupanda chombo haikuanza na Instagram.

Na sisi wa Upanga tuna sababu zaidi. Tunakaa hatua chache kutoka baharini na maisha yetu yote tunaiangalia bahari kupitia dirisha la gari: tukipita Salender, tukimpeleka mgonjwa Aga Khan, tukivuka daraja la Tanzanite. Ghorofani kwetu upepo wake unatufikia, maji yake hatuyagusi. Acheni bi harusi ayaguse.

Neno langu liko kwenye namna tunavyochagua hiyo boti. Fungua kundi lolote la WhatsApp la kamati usome maswali. Ina mapambo? Ina spika? Ina choo? Nahodha ni mwanamume? Kuna mahali pa kukaa bi harusi peke yake apigwe picha? Watu wangapi, hilo linakuja mwisho, na jibu lake utalisikia: "Kama ishirini, ishirini na tano hivi, tutaona." Hiyo "tutaona" ndiyo ninayoiogopa mimi kuliko wimbi.

Tuangalie vyombo vilivyotuliza nchi hii. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya abiria 645. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Kumbukeni ni siku gani zile: Idi ilikuwa imepita siku chache tu, watu wanarudi makwao, wana zawadi, wana watoto waliovaa nguo mpya. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara kule Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Siku ile ilikuwa ya gulio. Na kabla yao MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, iliyoruhusiwa abiria 430 na ikabeba wengi kupita hapo.

Mtaniambia, wewe dada, unatutisha na meli, sisi tunakodi kiboti cha faiba cha kwenda dakika ishirini. Naelewa. Lakini vyombo hivyo vilijazwa na siku njema, siku za kurudi kwa jamaa na za gulio, siku ambazo kila mtu ana sababu nzuri ya kupanda na hakuna mwenye moyo wa kumwambia mwenzake shuka. Harusi ni siku ya namna hiyohiyo. Hakuna anayezidisha abiria kwenye safari ya mazishi ya mtu asiyempenda. Tunazidisha kwa mapenzi.

Na kiboti kidogo hakisamehi kama meli. Chombo cha watu 20 kimehesabiwa watu 20 waliokaa, uzito umegawanyika huku na huku. Sasa tazama siku yetu inavyokuwa. Kuna sufuria la pilau, kuna madeli mawili ya barafu na soda, kuna spika, kuna mifuko ya nguo za kubadilisha. Halafu mpiga picha anasema, "Jamani, njooni wote huku, jua liko upande huu." Wanawake 27 wanasimama kwa mara moja, wanakwenda upande mmoja. Au wale vijana wanapanda juu ya paa kwa sababu huko ndiko picha inakotoka vizuri. Chombo kinalalia ubavu. Hata maji yangekuwa kama kioo, hapo hatuhitaji dhoruba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nikiambiwa nichague mmoja tu nitachagua huu: idadi ifungwe kabla boti haijatafutwa, na boti itafutwe kwa idadi hiyo. Tusichukue boti nzuri kwanza halafu tukaanza kubana watu ndani yake.

Najua ugumu wake. Kumwambia shangazi wa bwana harusi kwamba nafasi zimeisha ni kazi. Wifi aliyetoka Leicester kwa nauli yake, utamwambia nini? Mama mdogo aliyemlea bi harusi miezi sita mama yake alipokuwa Muhimbili? Na kila mmoja anakuja na "huyu mtoto wangu tu, nitampakata." Mtoto wa kupakatwa naye ni kichwa. Mtoto wa kupakatwa ndiye hasa kichwa, maana yeye hawezi kujishika.

Kuna njia moja niliyoiona ikifanya kazi, nayo inatoka Kariakoo. Siku ya kwenda kununua sare ndiyo iwe siku ya kufunga orodha. Tunajua wenyewe tunavyonunua sare: huendi Mtaa wa Uhuru ukamwambia mwenye duka "nipe doti kama ishirini, ishirini na tano hivi." Unamwambia doti 20 na unalipia doti 20. Basi kila doti iwe kiti kimoja kwenye boti. Aliyepata khanga ana nafasi. Ambaye hakupata khanga yuko kwenye hina usiku, yuko kwenye walima, hakuachwa na harusi. Wanawake tunaheshimu sare kuliko tunavyoheshimu cheti cha serikali. Tutumie udhaifu wetu kwa faida yetu.

Ukiwa na watu 30, usitafute boti ya 20 yenye nahodha mpole. Tafuta ya 30, au mbili za 15 zinazokwenda pamoja. Mbili mimi nazipenda zaidi. Mashine ya moja ikizimika, nyingine iko hapo. Gharama inapanda, kweli. Ipunguzwe kwenye puto na maua, ambayo upepo wa bahari unayachukua kabla hamjafika hata hivyo, na yanaishia kwenye matumbo ya kasa.

Mwaka jana nilikuwa kwenye gati moja huku upande wa kaskazini wa mji nikisubiri boti yangu, nikashuhudia kundi la harusi limekuja. Boti imeandikwa 18, wao 25. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua, akawahesabu mara mbili kwa kidole. Akasema, "Mama zangu, saba watabaki au nitakwenda mara mbili." Yakamwagika maneno. Mmoja akamwambia ana roho mbaya, anataka kuharibu siku ya mtoto wa watu. Mwingine akamwahidi nyongeza. Yule mzee akachomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni, akakaa kwenye ukuta wa gati akawasha sigara yake. Hakugomba na mtu. Baada ya nusu saa walikubali akaenda mara mbili.

Nilitamani kwenda kumwomba namba. Nahodha anayeweza kuwakatalia wanawake wa harusi waliolipa tayari, huyo ndiye wa kukodiwa. Ukipiga simu kuulizia boti, mjaribu: mwambie mko 25 kwa boti yake ya 18. Akisema "hamna shida dada, tutajibana," mshukuru, mtakie kila la heri, kata simu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi, sitara. Hapa naona tunachanganya mambo.

Wako wanaotaka boti isiyo na mwanamume kabisa. Ombi zuri, na inshaallah siku itafika. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, pale Sokoine, kinasomesha mabaharia wa kike na wa kiume. Lakini kwa leo, boti nyingi za kwenda visiwani zina nahodha na msaidizi wanaume. Suluhisho ambalo baadhi ya makundi wamelibuni ni kumwambia nahodha asiangalie nyuma, au kumtundikia pazia la khanga kati yake na abiria. Jamani. Mtu anayeendesha chombo lazima awaone abiria wake. Lazima ajue nani kasimama, nani kapanda ukingoni, mtoto wa nani katoa mkono nje. Yeye ameamrishwa kuinamisha macho na sisi tumeamrishwa kujisitiri, zote mbili ziko Surat Nur, aya ya 30 na 31, na zinatekelezeka bila pazia. Njia ni rahisi: ndani ya boti tuvae kama tunavyovaa Kariakoo mchana. Mambo ya nywele na shingo na nguo ya sherehe yasubiri kisiwani, nyuma ya khanga nne zilizofungwa kwenye miti.

Na jaketi la uokozi, lile la rangi ya chungwa, linavaliwa juu ya baibui. Nasema hivi kwa sababu nimeona linavaliwa ndani, eti lisiharibu picha. Likiwa ndani, ukitumbukia nguo inapanda usoni na mwokozi hana pa kukushika. Wengine wanaliacha chini ya kiti. Mtu asiyejua kuogelea hana muda wa kuinama kutafuta kitu chini ya kiti boti ikiwa imelala ubavu. Hesabuni majaketi kabla ya kulipa: moja kwa kila kichwa, na ya watoto yawe ya watoto, yenye ukanda unaopita kati ya miguu. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara tu anapoingia majini. Kama hawana ya watoto, watoto wabaki na bibi Upanga.

Mitandio mirefu ifungwe. Ile sehemu ya nyuma karibu na mashine mtu asikae na dira linalopepea, na asiingie wala kutoka majini kwa ngazi ya nyuma mpaka mashine izimwe kabisa, maana kule chini kuna kitu kama feni na kinakata.

Kuhusu picha. Kubalianeni na mwenye boti kwa maandishi kwamba yeye na vijana wake hawapigi na hawatumii. Kurasa nyingi za biashara hizi zinajitangaza kwa video za wateja, na bi harusi wa watu anajikuta anacheza mbele ya wafuasi elfu kumi bila mtandio. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, si mtu tu wa kulalamika chumbani. Na droni ikiwa juu yenu, ulizeni ya nani na ina kibali gani.

Halafu kuna hili ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika: ukikodi boti, umekodi boti. Kisiwa hukukikodi. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, ziko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ni mali ya umma, na kila aliyelipa kiingilio ana haki ya kutandika mkeka wake pembeni yako na bia yake mkononi. Ukienda Jumapili utakuta nusu ya Dar iko pale. Hakuna pesa utakayomwongeza mwenye boti ikakupa faragha Jumapili. Faragha inanunuliwa kwa kuchagua siku. Jumanne au Jumatano, na nje ya wiki za Idi, mtakuta banda la makuti mnalolitaka na upande wa kisiwa msioangaliwa na mtu. Kiingilio nacho ulizeni mapema kama kimo kwenye bei ya boti, maana raia na mgeni hawalipi sawa, na binamu zetu wa Toronto na Muscat wasije wakagombana na mhifadhi mchangani.

Niseme kidogo na hali ya bahari, maana hapa wageni wetu wanatuponza. Jamaa wa nje wanakuja wakati shule za kwao zimefungwa, yaani Julai na Agosti, na harusi zinapangwa wakati huo. Ndicho kilele cha kusi. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea hapa Dar, na bahari siku ile ilikuwa imechafuka. Sisemi harusi ziahirishwe. Nasema ikiwa ni miezi hiyo, ondokeni asubuhi mapema, rudini kabla upepo wa alasiri haujakaza, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe usiku wa kuamkia safari na mtu aliyepewa kazi hiyo. Na iwepo siku ya akiba. Mkataba usiokuwa na siku ya akiba ndio unaowapeleka watu baharini wakati nahodha mwenyewe hataki, kwa sababu advansi imeshaliwa. Wenye nafasi ya kuchagua, kipindi cha upepo kugeuka, ambacho wazee wanakiita tangambili au maleleji, ndicho bahari inapotulia.

Na maji yenyewe, kujaa na kupwa. Hapa mwanamke anayefuatilia mwezi kwa ajili ya funga zake ana elimu kubwa bila kujua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndiyo bamvua. Zile siku za funga ya tarehe 13, 14 na 15, maji yanakwenda mbali sana na kurudi sana. Pwani yetu siku za bamvua maji huwa yamekupwa kama saa nne asubuhi, saa hiyohiyo ambayo kila kundi la harusi linapanga kuondoka. Matokeo yake boti haifiki ufukweni, na bibi mwenye magoti mabovu anatembezwa kwenye tope na mawe yenye miiba ya bahari, kaninginia mabegani mwa vijana asiowajua. Hiyo sitara iko wapi? Chagueni karibu na tarehe 7 au 8, au 22, ya mwezi wa Kiislamu. Ni maji mafu, hayapwi sana, na asubuhi huwa yamejaa vizuri. Hili halina gharama hata shilingi.

Swala haina ugumu. Kutoka Upanga mpaka Mbudya si masafa ya kupunguza swala, kwa hiyo adhuhuri ni rakaa nne, mchangani. Maji ya bahari ni tohara, Mtume s.a.w. aliulizwa hilo na akalijibu. Ila bebeni maji baridi ya kunywa na ya kujiosha chumvi, msitegemee kisiwa. Kibla kutoka Dar kiko kaskazini karibu moja kwa moja, nahodha atawaonyesha. Na mkipanda, someni dua ya Nabii Nuhu, iko Surat Hud, aya ya 41, kwa sauti, na watoto wasikie.

Turudi kwa mwenye boti, maana mara nyingi humjui. Unayeongea naye kwenye simu ni dalali mwenye ukurasa mzuri na picha za boti tatu zisizo zake. Si dhambi udalali, Kariakoo yote inaishi kwa udalali. Lakini kabla ya kutuma hata nusu ya fedha, takeni jina la boti na picha ya cheti chake cha ukaguzi kutoka TASAC, chenye idadi ya abiria. Kwa Zanzibar mamlaka yake ni ZMA. Ulizeni jina la nahodha atakayeendesha siku hiyo, kama kuna bima, na kama kuna redio au simu inayoshika mtandao kule. Mwenye boti halali anatuma cheti kwa dakika mbili, pengine na kujivuna. Anayesema "dada mbona huniamini" ameshakujibu. Mtume s.a.w. alimfundisha yule bedui amfunge ngamia kwanza ndipo atawakali. Cheti ndiyo kamba yetu.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi, mpaka Unguja, maoni yangu ni mafupi: msivuke mkondo kwa boti ya kukodi ya sherehe. Pandeni feri ya kawaida, saa mbili hivi mmefika, mkodi chombo kulekule kwa mwendo mfupi. Mafungu ya mchanga kama Nakupenda yanapendeza mno, ila nayo yanamezwa na maji yakijaa, kwa hiyo habari ya mwezi niliyosema inahusu huko pia, tena zaidi.

Nina jambo moja ambalo kamati nyingi hazijalifikiria, nalo linaweza kuwa zawadi ya harusi kuliko seti ya vyombo. Kule Nungwi, kijiji kilichopokea maiti wa Spice Islander, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kusitiri mwili mzima. Picha za mafunzo hayo zilitunukiwa kwenye mashindano ya World Press Photo mwaka 2018, dunia ikashangaa, watoto wa Nungwi wakiwa wanaelea na madumu ya njano. Sisi Upanga tuna mabwawa kwenye majengo yetu na kwenye klabu zetu, na baadhi yana saa za wanawake. Wiki sita kabla ya harusi, mabinti kumi wakajifunze kuelea chali tu kwa dakika tano. Sisemi wawe samaki. Kuelea chali, na kutojirusha kwa hofu.

Nimalizie na wale watakaobaki, kwa sababu ndio wanaotufanya tuzidishe vichwa. Wazee wenye magoti, wenye mimba changa ambao roho inawachafuka, watoto wadogo, na wale ambao doti hazikuwafikia. Wapangiwe chao siku hiyohiyo. Nyumba moja ya Upanga yenye sebule kubwa, mpaka hina aitwe mapema aanze na wao, juisi ya ukwaju iwepo, na bi harusi apitie kuwaaga na kuombewa dua kabla ya kwenda gatini. Na chakula chao kipakuliwe asubuhi ileile pilau inapotoka jikoni, sinia lao lijae nyama, kabla sufuria halijapelekwa kwenye boti.